Shahidi wa Pili wa Kibarani

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mimi, Ngowa Menza, bawabu wa nyumba za ghorofa zilizoko Tudor, niliyesoma hadi darasa la nne na kujifundisha yaliyobaki kwa juhudi yangu mwenyewe, ninafungua daftari hili leo kwa sababu ifuatayo. Mwalimu wangu, Bwana Abdulghafur Sheikhan wa Kuze, fundi wa saa na mjuzi wa ndege, alifariki mwezi wa Juni. Kwa kaskazi ishirini na saba mfululizo aliwahesabu ndege wanaokuja kutoka nchi za baridi kukaa katika tope la Kibarani, kando ya daraja la Makupa. Kaskazi kumi na moja za mwisho nilikuwa naye. Hii ni ya ishirini na nane, na sitaki mfululizo huo ukatikie mikononi mwangu.

Lipo jambo la pili, ambalo ndilo kubwa. Tope lile linafukiwa kwa taka. Kamati ya Ufuo imetangaza kwamba itasikiliza maombi ya wananchi mwezi wa Januari, kisha itaamua iwapo malori yasimame hapo yalipofika au yaendelee hadi kwenye mikoko. Yakiendelea, ndege hawatakuwa na pa kutua. Nimeazimia kuandika ombi, na madaftari ya Mwalimu ndiyo yatakayokuwa ushahidi wangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Sina la kuandika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Bamvua. Nilifika Kibarani maji yakianza kutoka, kwa kuwa siku ya bamvua hutoka mbali na kuliacha tope wazi, nikasimama mahali petu palepale.

Ndege aliyependwa na Mwalimu kuliko wote ni mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Mwalimu alimwita kadhi, kwa kuwa hutembea juu ya tope polepole kama mtu aliyevaa joho jeusi juu ya kanzu, asiyetaka kurukiwa na maji. Makadhi ndio tuliowahesabu kwanza kila siku.

Kanuni ya kuhesabu nayo aliichukua mahakamani: jambo halithibiti ila kwa mashahidi wawili. Yeye alitaja idadi yake, nami nikataja yangu, na zilipopatana ndipo tulipoandika na kutia sahihi sote wawili. Ndege aliyeonwa na mtu mmoja, alisema, ni uvumi wenye mabawa. Ninaandika kwa fahari kwamba katika kaskazi kumi na moja hesabu zetu hazikutofautiana hata mara moja ndani ya daftari.

Leo niliwaona makadhi. Sikuandika idadi yao, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Chonga, ambaye huokota vyuma jaani, alinipita na gunia lake.

“Mzee, umebaki na darubini bila mwenyewe.”

“Bintiye ndiye aliyenipa.”

“Basi wewe itazamishe vizuri. Mwenzio alikuwa akitazama huku, ndege wako kule.”

Nilimjibu kwamba jaani si mahali pa kuwavunjia marehemu heshima. Alicheka, akaendelea na njia yake akikunjua waya aliouokota.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilikwenda Kuze baada ya alasiri kuyachukua madaftari. Bi Swafia, bintiye Mwalimu, alinipokea ukumbini. Saa za ukutani zote zimesimama, kila moja kwa wakati wake. Mwalimu alifunga duka mwaka wa 1994, akisema watu hawatengenezi saa tena, wananunua za plastiki kutoka Dubai na kuzitupa.

“Karibu, kaka Ngowa. Hujambo? Mama Mbeyu hajambo?”

“Hatujambo, Bi Swafia. Na nyinyi hapa?”

“Alhamdulillahi. Sanduku ni lile, lakungoja wewe. Lakini yasome kwanza kabla hujampa mtu.”

“Mengi ya mwisho nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe.”

“Ndiyo maana nakwambia uyasome.”

Nililibeba sanduku kichwani hadi barabarani. Sikuona haja ya kuyasoma.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua tangu Alhamisi, bila kusita. Watu husema ni ya Elnino. Barabara ya Nairobi imekatika.

Jumatano, 12 Novemba

Ombi limefika aya ya tano. Kadzo, mke wangu, aliketi kusikiliza nikimsomea ufunguzi: “Kwa heshima na taadhima kuu, mbele ya Kamati yako tukufu, ninawasilisha…”

“Baba Mbeyu,” alisema, “siku tukiishiwa na chumvi usiniandikie barua ya kuombea kwa jirani. Hadi uimalize, chakula kitakuwa kimepoa.”

Hakujua kwamba ni ufunguzi huohuo ulionikutanisha na Mwalimu. Mwaka wa 1986 alikuja Tudor akitaka kupanda juu ya paa letu kuwatazama ndege wa mkondo. Nilimzuia langoni, nikamwambia alete ombi la maandishi. Kesho yake alileta, mistari minne tu. Nilimwonyesha palipokosekana taadhima. Mzee wa watu, mwenye kofia ya vito na kioo cha kutengenezea saa jichoni, alitoa kalamu, akaongeza maneno niliyomtajia, akauliza, “Sasa imekaa sawa, bwana?” Nikampandisha. Juu ya paa alinipa darubini, akaniambia nihesabu. Nilihesabu vibaya. Akasema, “Si neno. Wewe ni bawabu, utajifunza upesi. Bawabu mzuri si yule ajuaye nani yumo ndani. Ni yule ajuaye nani hajarudi.”

Hakuna mtu aliyewahi kuisifu kazi yangu kabla yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Bamvua. Nilikwenda. Jaa limesonga mbele, ninakadiria hatua arobaini. Sikuandika idadi.

Jumatatu, 1 Desemba

Ombi limekamilika: kurasa sita, aya kumi na tisa. Hoja yake kuu ni kwamba mahali ambapo makadhi mia na thelathini hurudi kila mwaka ni mahali pa thamani. Nimeyaweka madaftari yote ishirini na saba katika sanduku, nikapeleka kwa katibu wa Kamati, Bwana Crispus. Alinitilia muhuri wa kupokea.

Jumanne, 16 Desemba

Mvua. Maji yameingia chumba cha chini cha lango.

Jumatatu, 29 Desemba

Watu wamepiga kura. Mvua.

Alhamisi, 15 Januari 1998

Nilivaa koti. Kamati iliketi saa nne, watu watano nyuma ya meza moja. Aliyezungumza ni Bwana Crispus, kijana mpole mwenye sauti ya kusomea ibada. Ninamwandika alivyo: hakunidharau, na sina la kumlaumu.

“Mzee Ngowa,” alisema, “ombi hili limeandikwa vizuri kuliko barua nyingi zinazotoka humu ofisini.”

Nilifurahi. Ninaona aibu sasa kwamba nilifurahi.

“Sasa nisaidie. Malori yalianza kushusha upande ule wa tope mwaka gani?”

“Elfu moja mia tisa tisini na tatu, kama ilivyo katika aya ya pili.”

“Na hawa unaowaita makadhi, kabla ya hapo walikuwa wangapi?”

“Mia na thelathini, au karibu na hapo.”

Alifungua daftari la ishirini na tano, kisha mawili yaliyofuata.

“Tisini na nne, mia na ishirini na wanane. Tisini na tano, mia na thelathini na mmoja. Tisini na sita, mia na thelathini. Nimesoma sawasawa?”

“Sawasawa.”

“Basi malori yamewapunguza lini?”

Nilifunga kifungo cha koti.

“Mzee, mimi nataka kukusaidia. Lakini kitabu chako mwenyewe chasema ndege hawajali. Taka zimeshuka miaka mitatu, nao wamekaa palepale. Sahihi hii ya pili ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Ulikuwepo?”

“Nilikuwepo.”

“Na hawa mia na thelathini, uliwaona?”

Nilisema kwamba ninaomba muda wa kujibu kwa maandishi. Walinipa siku kumi na nne.

Ninaandika sasa lile nililokuwa nimejizoeza kutolijua.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1994. Mwalimu aliinua darubini, akakaa nayo kitambo, akasema, “Mia na ishirini na wanane. Wewe?” Mimi nilikuwa nimekwisha kuhesabu mara mbili. Walikuwa sabini na wawili. Nilimtazama. Alikuwa ameielekeza darubini kwenye maji matupu upande wa reli. Nikasema, “Naam, Mwalimu. Mia na ishirini na wanane.” Kwetu mtu hamrudi aliyemfundisha, humwachia neno lake, na umri ukamsitiri. Alisema, “Hesabu tena, Ngowa.” Niliinua macho kwa adabu, nikayashusha, nikasema vilevile. Kisha akanipa daftari niandike mimi, na ilipofika zamu ya sahihi yake nilikishika kidole chake nikakiweka juu ya mstari.

Tangu siku ile ikawa hivyo. Mwaka wa pili walikuwa hamsini na wanne. Wa tatu, thelathini na tisa. Yeye alitaja, nami nilikubali, na wino ni wangu. Nililiita jambo hilo heshima, na jioni nilirudi Tudor nikijiona mwanafunzi mwema.

Oktoba iliyopita niliwaona thelathini na mmoja.

Jumapili, 18 Januari

Nilikwenda Kuze kumwomba Bi Swafia ruhusa ya kuandika kwamba babake hakuwa akiona. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani. Nilimkuta akikuna nazi ya futari. Hakuinuka juu ya mbuzi yake, akanionyesha kiti.

Nilianza, “Bi Swafia, nimekuja kwa jambo zito, nalo lamhusu marehemu…”

“Mato yake,” alisema.

Nilikaa kitini.

“Babangu alikuwa haoni, kaka Ngowa. Kuze nzima yajua. Alifunga duka kwa sababu ya mato, si kwa sababu ya saa za Dubai. Mtoto wa jicho, yote mawili. Hospitali alikataa. Alikuwa akiujua mlango kwa mkono.”

“Kwa nini hakuniambia?”

“Alikwambia. Kila mwaka alikwambia. Alikutajia idadi ya zamani aloikumbuka, akangoja umwambie si kweli.”

Aliikung’uta nazi, akachukua kizio kingine.

“Akirudi namuuliza, vipi leo, baba? Asema, ‘Ngowa amekubali.’ Basi. Siku hiyo sahani yake narudi nayo jikoni kama nilivyompelekea.”

“Alitaka nimpinge?”

“Mashahidi wawili ni wa nini basi? Mmoja akikosea, wa pili amrudi. Yeye mwenyewe kusema hawezi, ni mtu mzima, ana haya. Akakungoja wewe. Mwaka wa mwisho akaniambia, ‘Swafia, nilikuwa na shahidi, sasa nina mwangwi.’”

“Nilimheshimu, Bi Swafia.”

“Ulimhishimu sana. Ukamwacha peke yake na giza lake.”

Nimeandikia watu maombi tangu ujana wangu, ya ardhi, ya ada za shule, ya wafungwa, na sikuwahi kukosa neno la kuanzia hadi siku ile. Nikauliza, kwa kuwa ndilo nililolijia, iwapo ananiruhusu niandike.

“Andika. Aibu yake ameondoka nayo. Ilobaki ni yako. Sasa kaa ufuturu, hata kama hukufunga.”

Nilikaa. Nilikula tende tatu. Saa zote ukutani zilikuwa kimya, nami nikatambua kwamba fundi aliyeziacha hivyo alikuwa akiketi chini yake kila jioni bila kuona kuwa zimesimama, au akijua na kutomwambia mtu.

Jumanne, 20 Januari

Nimemwandikia Bwana Crispus ukurasa mmoja. Nimetaja idadi nilizoziona kwa macho yangu: sabini na wawili, hamsini na wanne, thelathini na tisa. Nimekiri kwamba nilitia sahihi hesabu za uongo kwa miaka mitatu, na kwamba marehemu alikuwa kipofu. Nimeomba hesabu za kweli zipokelewe badala yake, kwa kuwa zinaonyesha wazi madhara ya malori.

Nilipofika chini, mkono wangu ulikwenda kuandika “Ni mimi mtiifu wako”, kama ulivyozoea. Niliuzuia. Niliandika jina langu tu.

Ijumaa, 30 Januari

Idd. Nilikwenda Kuze kuwapa mkono. Hatukulizungumza.

Jumatatu, 9 Februari

Hakuna jibu.

Alhamisi, 12 Februari

Bamvua. Nilikwenda. Ishirini na watano, kwa macho yangu peke yangu, yaani uvumi. Jaa limefika pale tulipokuwa tukisimama. Ilinibidi kusogea upande wa reli. Chonga aliniletea ndoo ya kukalia.

“Nasikia ulikwenda kujishtaki mwenyewe,” alisema.

“Nilikwenda kusema kweli.”

“Kweli hiyo, miaka mitatu yote, ilikuwa imelala wapi?” Hakungoja jibu. Alisema ndoo imetoboka lakini kwa kukalia inafaa.

Jumanne, 17 Februari

Hakuna jibu.

Jumatatu, 23 Februari

Hakuna jibu.

Jumatano, 4 Machi

Limekuja. Ninalinakili lote, kwa kuwa ni fupi:

“Kwa kuwa shahidi mwenyewe amekiri kutia sahihi hesabu asizoziona, na kwa kuwa hakuna njia ya kutenganisha hesabu za kweli na zisizo za kweli, Kamati haiwezi kulitegemea daftari lolote kati ya hayo ishirini na saba. Hesabu mpya zilizotajwa hazina shahidi wa pili, kinyume cha kanuni ya kitabu chenyewe. Shauri limefungwa. Mwombaji achukue sanduku lake ndani ya siku kumi na nne.”

Barua imeandikwa vizuri. Nimeisoma mara nne nikitafuta kosa, wala halimo.

Kaskazi ishirini na nne za kweli zimekufa kwa ajili ya tatu za uongo. Katika hizo ishirini na nne yumo marehemu Faraj, aliyekuwa shahidi kabla yangu, ambaye Mwalimu alinihadithia kuwa waliwahi kugombana siku mbili kwa ajili ya ndege mmoja, wasisemezane, hadi walipokwenda kumtazama tena. Nilipohadithiwa nilidhani ni kisa cha kuchekesha.

Ijumaa, 6 Machi

Nilikwenda kulichukua sanduku. Bwana Crispus alinisaidia kulitoa hadi nje. Alisema, “Mzee, laiti ungekuja na ile barua ya pili kwanza.” Nilimwambia kwamba ni kweli.

Bi Swafia alilipokea, akaliweka chini ya saa. “Hapa halimsumbui mtu,” alisema.

Jumamosi, 14 Machi

Bamvua. Sikwenda.

Jumatatu, 23 Machi

Malori yanapita Makupa tangu asubuhi. Kutoka langoni kwangu siwezi kuyaona, lakini wapangaji wanaorudi kutoka bara wanalalamika juu ya harufu. Mmoja aliniomba nimwandikie ombi. Nilimwambia kwamba nimeacha.

Jumatano, 1 Aprili

Mpangaji yule ameandika mwenyewe, akaniletea nisahihishe. Palikosekana taadhima. Nilimwambia imekaa sawa.

Ijumaa, 10 Aprili

Kadzo aliniuliza iwapo kesho nitakwenda, kwa kuwa ni bamvua ya mwisho kabla ndege hawajarudi kwao. Nilimwambia kwamba hakuna faida. Hesabu ya mtu mmoja haiandikwi, na ya watu wawili hakuna wa kuipokea.

“Sikuuliza faida,” alisema. “Nimekaa na darubini ile humu ndani miezi sita kama mgeni asiyeamkia. Nataka kuona inachotazama.”

Jumamosi, 11 Aprili 1998

Tulifika Kibarani saa tatu na nusu. Kesho ni Pasaka, na malori yalikuwa mengi, kana kwamba yanataka kumaliza kabla ya sikukuu. Tope lililobaki halizidi uwanja wa mpira. Makadhi walikuwa wamekusanyika ukingoni, wakitazama upande mmoja, kama wafanyavyo siku za kuondoka.

Nilihesabu kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama nilivyofundishwa, nikampa Kadzo darubini. Nilimwonyesha pa kuzungushia. Alichukua muda mrefu.

“Wangapi?” nikamuuliza.

“Sema wewe kwanza. Si ndiyo kanuni?”

“Kumi na saba.”

“Kumi na watano.”

“Ni kumi na saba, Mama Mbeyu. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na mmoja.”

“Na mimi nimeifanya sasa hivi. Wale wawili wa mwisho, huko kwenye mti uliolala, ni mifuko ya nailoni.”

Nilitwaa darubini. Nilitazama kwa muda, kwa kuwa macho yangu nayo si ya jana. Upepo ulivuma, na wale wawili wa mwisho wakajaa hewa, mmoja mweupe na mmoja mweusi, wakalala tena.

“Ni mifuko,” nilisema.

“Si nimekwambia.”

Nilikaa juu ya ndoo ya Chonga, nikaliweka daftari hili gotini, nikaandika: makadhi, kumi na watano. Nilitia sahihi. Kadzo hana mazoea ya kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi baada ya herufi, akinikataza nisimshike mkono.

Alipofika herufi ya mwisho lori moja lilikuwa limekwisha kurudi nyuma hadi ukingoni. Lilishusha. Ndege waliruka wote pamoja, wakazunguka mara mbili juu ya mahali pale, na hatukuona walikotua.